Shilingi 400 kwa siku, watu watano: protini ya watoto itoke wapi?

MamaWatatu_Malindi
Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Naomba hesabu kwa wanaojua. Nyumba ina wakubwa wawili na watoto wa miaka 3, 7 na 11. Pesa ya chakula ni shilingi 400 kwa siku, na makaa yamo humo humo. Kwa kawaida tunakula sima, mchicha na samaki. Siku samaki akikosekana, ni sima na mboga tupu. Upepo wa kusi umeingia na samaki amepanda bei. Watoto wanahitaji protini kiasi gani, na ipi ndiyo rahisi?

Bi_Jikoni
Aleikum salaam, dada. Mtu mzima anahitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya mwili wake, kwa hiyo mwenye kilo 60 ni gramu 48. Watoto kwa umri huo ni kama gramu 13, 19 na 34. Nyumba nzima ni gramu 160 hivi. Kilo moja ya unga wa mahindi ina kama 80, kwa hiyo sima imeshakufikisha nusu ya safari. Tatizo ni kwamba protini ya mahindi peke yake ina upungufu, na pojo (ndengu), kunde, mbaazi na maharagwe ndiyo yanayouziba. Siku ya sima na mchicha mtupu, tumbo linajaa lakini mtoto hakui.

Gramu 80 zilizobaki zinapatikana kwa robo kilo ya pojo kavu (kama 60) na gramu 50 za dagaa wakavu (25 hivi).

Na tafadhali usilinganishe bei kwa kilo. Gawanya bei kwa gramu za protini. Kilo ya pojo ina kama 240. Kilo ya samaki aina ya changu akiwa mzima, ukishatoa kichwa, matumbo na miba, nyama hubaki nusu hivi, yaani gramu 100 tu za protini. Trei ya mayai 30 ina kama 180, lita ya maziwa 33. Chukua bei za duka la mtaani kwako leo upige hesabu mwenyewe, maana bei hubadilika kila wiki.

Makaa nayo ni pesa. Loweka pojo asubuhi kwa ajili ya usiku, kunde na maharagwe loweka usiku kucha, na maji ya kulowekea uyamwage. Pojo zikishachemka dakika 10, funika sufuria vizuri, iweke ndani ya kikapu kilichojazwa matambara au nyasi kavu, juu blanketi. Baada ya saa moja na nusu zitakuwa zimeiva bila moto. Zikibaki ngumu, ama sufuria ni dogo mno na joto limetoroka, ama pojo ni za zamani. Maharagwe mekundu yasipelekwe kikapuni hivi hivi: lazima yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili kwanza, kwa sababu yana sumu isiyokufa kwa joto la chini. Ukiyatia kikapuni kabla, watu watatapika. Magadi usitie. Yanalainisha haraka, kweli, lakini yanaharibu vitamini B1.

Pwani_Mayungu
Kuhusu samaki, dada yangu. Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Oktoba hivi, bahari inachafuka na vyombo vidogo havitoki. Kaskazi, Novemba hadi Machi, samaki ni wengi, na huo ndio wakati wa kuweka ng'onda, yaani samaki wa kukausha kwa chumvi. Pasua samaki mgongoni, toa mashavu na matumbo, osha, paka kilo moja ya chumvi kwa kila kilo tatu au nne za samaki, alale siku mbili, kisha suuza na umwanike juu ya uchaga siku tatu hadi tano. Usimwanike mchangani. Ukianza siku ya mawingu, nzi watataga na kazi yote imeharibika. Kabla ya kupika, loweka usiku na ubadilishe maji mara tatu. Mwenye presha ni bora amuache kabisa.

Kwa sasa ulizia vichwa vya jodari au nguru, ni rahisi na vinatoa mchuzi wa watu watano. Lakini jihadhari na samaki aina ya una na jodari waliokaa juani. Sumu inayojijenga katika nyama yao haiondoki kwa kupika wala kwa ndimu. Mtu huwaka uso, kichwa kinauma, mwili unawasha. Angalia macho yasiwe yamezama, mashavu yawe mekundu, na nyama ukiibonyeza irudi. Mchuuzi asiye na barafu saa sita mchana, mpite.

MamaWatatu_Malindi
Shukran sana nyote. Unga je, wa kusagisha kinuni au wa pakiti? Na nazi moja kila siku ni ghali.

Shamba_Gede
Unga wa kusagisha bila kukoboa una kiini na pumba, kwa hiyo nyuzinyuzi na madini yamebaki. Wa pakiti umekobolewa, lakini sheria ya Kenya tangu 2012 inataka utiwe vitamini na madini. Mimi ningechanganya, nusu kwa nusu. Wa kusagisha una mafuta ya kiini na kwa joto la huku huchacha upesi, basi saga wa wiki moja tu. Chagua mahindi kwa mkono kabla ya kusaga: punje yenye kuvu au iliyobadilika rangi itupwe, usimpe hata kuku. Mwaka 2004 sumu ya kuvu kwenye mahindi iliua watu 125 huku Kenya, na moto wa sufuria hauimalizi.

Mboga, tafuta majani ya kunde na mronge. Mronge ukipanda tawi uani unaota, na hapo mboga ni bure. Osha kwanza ndipo ukate, pika dakika tano tu. Kisamvu ndicho cha kutwangwa na kuchemshwa sana, usikifupishe. Kamulia ndimu kwenye pojo na mboga mezani, na chai isubiri saa moja baada ya kula, maana chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Bi_Jikoni
Nazi: nusu moja inatosha. Mboga inahitaji mafuta kidogo tu ili vitamini A ifyonzwe. Ikune nusu hiyo, chuja tui la kwanza liwe kikombe kimoja na ulitie mwishoni, tui la pili lichemshie mboga. Nusu ya pili ibaki kifuuni bila kukunwa hadi kesho, kama una friji. Tui lililokwisha kuchujwa lisilale, litachacha.