Kundi la Ukoo: Datsun ya babu, tuiache au tuigeuze?

Kulwa: Shikamooni wakubwa wote. Leo nimeifunua ile Datsun kule nyuma ya nyumba Isamilo hapa Mwanza, nimeweka betri na mafuta mapya na IMEWAKA jamani, ila ukikanyaga inakohoa kwanza ndo inaenda. Nimemleta fundi mmoja kutoka Nyakato kaisikiliza kasema injini ishachoka, yeye anayo injini ya Toyota Mark II, 1JZ ya turbo ya mtumba, pamoja na gia boksi yake, anaipachika. Sa naomba baraka za ukoo kabla sijatoa advansi

Doto: Baraka za nini we weka tu 😂 afu shusha chini, rimu pana, rangi nyeusi isiyong'aa, tukipita Makoroboi watu waache biashara

Ba'mdogo Shija: Marahaba. Kulwa usitoe hata shilingi mia. Nimesimamisha gari pembeni hapa Mkuyuni ili nikujibu

Ba'mdogo Shija: Hiyo ni 240Z, gari ya spoti. Sio Datsun tu kama mnavyosema Datsun pikapu. Injini yake ni L24, silinda 6 zimepangwa mstari mmoja, cc 2,393, kabureta mbili. Chasisi inaanza na HS30 maana yake ni ya usukani wa kulia. Namba ya kwenye bloku, yaani mwili wa injini, ndo hiyohiyo iko kwenye kadi ya gari, nenda kaangalie. Ukishaing'oa hiyo bloku ukamuuzia mtu wa chuma chakavu, imeondoka, hairudi, na TRA inabidi uende tena ukabadilishe taarifa kwenye kadi

Kulwa: Ila Ba'mdogo 1JZ ya turbo ni farasi 280 na spea zake zimejaa kila duka, hii L24 nikitaka gasketi ya hedi nasubiri itoke nje ya nchi

Ba'mdogo Shija: Kweli spea ni shida, sikubishii hapo. Ila hizo farasi 280 zinaenda wapi? Difu ya hiyo gari ni R180, ndogo, imetengenezwa kwa injini yenye nusu ya nguvu hizo. Utavunja difu, utatafuta difu kubwa, utakata bati lililoinuka katikati ya sakafu ili gia boksi ikae, utachomelea mauntingi mpya, propela shafti mpya, rejeta kubwa, breki nazo haziwezi tena. Mwisho una Mark II iliyovaa bodi ya Datsun na umetumia hela ya kununua Mark II mbili

Shangazi Minza: Nyie watoto, na mimi nisikilizeni. Kuna mtu ofisini kanionyesha kwenye simu gari kama hiyo imeuzwa Marekani dola laki 3 na elfu 10. Mimi sijui L24 wala nini, nauliza tunauza lini

Doto: Shangazi!!! 😭

Ba'mdogo Shija: Dada hiyo ni kweli, ilikuwa mnada wa mtandaoni mwaka 2020, gari ya 1971, dola 310,000. Ila ile ilikuwa imetembea maili kama 21,000 tu maisha yake yote na ilikuwa haijaguswa, rangi yake, siti zake, kila kitu. Ya kwetu imebeba mpaka magunia ya dagaa. Usianze kupiga hesabu ya kiwanja

Shangazi Minza: Basi hata robo yake

Kulwa: Afu mnaongea kuigusa kama vile haijaguswa. Leo nimevuta ule mpira wa mlango wa dereva, chini yake kuna rangi ya chungwa!! Safi kabisa inang'aa. Juu yake ndo hii nyeupe na ukiangalia kwa karibu pale kwenye kona ya mlango unaona mistari ya brashi. Babu aliipaka kwa BRASHI

Doto: Babu hakuwa mchezo

Kulwa: Na chini kuna bati nene limefungwa kwa nati kubwa kuanzia kwenye bampa ya mbele mpaka nyuma ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, limebonyea katikati kama lilipigwa na jiwe, halijatoka kiwandani lile mi nabisha

Doto: Nipo na bibi hapa nimemsomea. Katoa sauti nikaandika alivyosema: "Baba yenu huyo, yaani babu yenu, gari ile hata mwaka haukuisha hajaigeuza. Kila akienda Sengerema anarudi sampo imepasuka, mafuta yote njiani. Akaenda kwa mafundi wa meli kule bandarini Mwanza Kusini wakamkatia bati wanalotengenezea meli. Akainua na springi. Rangi ya chungwa niliikataa mimi, nilimwambia sipandi gari la rangi ya kashata. Mwambieni Shija asiwatishe watoto."

Doto: 😂😂😂 Ba'mdogo umesikia?

Ba'mdogo Shija: Nimesikia. Mama shikamoo

Doto: Kasema marahaba na bado hajamaliza na wewe

Kulwa: Sa hapa ndo naomba nieleweshwe, tukisema tuiache orijino, orijino ipi? Iliyotoka Japani ya rangi ya chungwa iko chini chini, au hii ya babu nyeupe iliyoinuliwa ina bati la meli?

Ba'mdogo Shija: Swali zuri hilo, kwa hilo nakupa tano. Ngoja nifike nyumbani

Ba'mdogo Shija: Nimefika. Mimi msimamo wangu haujawahi kuwa kwamba gari isiguswe. Angalia alichofanya mzee: bati limefungwa kwa nati. Springi zinatoka zinarudi. Hakukata bodi, hakugusa bloku. Kesho ukitaka kulirudisha kama lilivyotoka Japani unaweza. Hata zile 240Z zilizoshinda Safari Rally, 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller, 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews, zile hazikuwa za shoo rumu, zilikuwa na kinga chini na mataa mbele. Kwa barabara za huku mzee alifikiria kama wao. Kwa hiyo sheria yangu ni moja. Kinachofunguka kwa spana, fanyeni. Kinachohitaji grainda, hapana

Doto: Kwa hiyo kushusha chini inaruhusiwa maana springi zinafunguka 😏

Ba'mdogo Shija: Inaruhusiwa. Utakwama kwenye tuta la kwanza tu Mabatini ila inaruhusiwa

Kulwa: Na kukohoa je? Maana chanzo cha yote ni injini kuchoka

Ba'mdogo Shija: Nani kasema imechoka? Huyo anayetaka kuuza 1JZ? Kulwa nenda sasa hivi fungua boneti. Kila kabureta ina kofia ndogo juu kabisa, ifungue kwa mkono, itatoka na kifimbo chembamba cha shaba. Kiangalie kama kina mafuta

Kulwa: Kikavu. Vyote viwili vikavu kabisa, kimoja kina vumbi

Ba'mdogo Shija: Haya. Hicho kifimbo kinatakiwa kizame kwenye mafuta ili ukikanyaga ghafla pistoni ya kabureta isiruke juu haraka. Ikiruka inaingia hewa nyingi petroli kidogo, ndo hicho kikohozi. Futa vumbi, weka ATF kidogo, yale mafuta ya gia boksi ya otomatiki, ndani ya hilo tundu, usijaze mpaka juu, rudisha kofia, washa

Shangazi Minza: Wakati mnasubiri, mnakumbuka send-off ya Neema ni Desemba. Nilikuwa nataka kukodi gari la bibi harusi, bei wanazosema ni wizi wa mchana. Hiyo Datsun si nyeupe?

Doto: Shangazi si ulikuwa unauza dakika 20 zilizopita

Shangazi Minza: Doto nyamaza

Kulwa: BA'MDOGO

Kulwa: Imeacha!!! Unakanyaga inapokea palepale, mlio wake sasa, majirani wamechungulia. Kwa kweli wabeja sana

Ba'mdogo Shija: 😄 Usijisahau, haijapona yote. Pima kompresheni silinda zote 6 kabla ya kuipeleka mbali, hapo ndo tutajua kama imechoka. Platini kwenye distribyuta, inayokata na kuunga umeme wa plagi, toa weka ile ya elektroniki inayokaa ndani ya kofia ileile, haionekani kwa nje. Taa za mbele usiziwashe muda mrefu, umeme wote unapita kwenye swichi ya usukani bila rilei, swichi zinaungua, weka rilei. Breki za mbele kuna kalipa, zile zinazobana diski, za Hilux 4x4 za mwanzoni mwa miaka ya 80, pistoni 4, zinakaa kwenye matundu yaleyale, ulizia kwa wauza spea za mtumba. Na kila unachotoa kinaandikwa na kinaingia kwenye sanduku chumbani kwa bibi. Hata nati

Kulwa: Kutu je? Chini ya betri pameoza kidole kinapita, na sakafu upande wa abiria

Ba'mdogo Shija: Hapo grainda itaingia, hakuna namna. Tindikali ya betri imekula. Ila fundi bodi akate kilichooza tu aweke bati la unene uleule achomelee, akija na bodifila mfukuze. Mshukuruni Mungu ziwa letu halina chumvi, ingekuwa imelala Tanga miaka yote hiyo sa hizi tungekuwa tunabishania vitasa

Doto: Na rangi? Mi napiga kura chungwa. Ndo ya kiwandani

Kulwa: Na mimi chungwa

Ba'mdogo Shija: Chungwa ndo sahihi kwa kweli

Shangazi Minza: Nyeupe. Kalipa na fundi bodi nalipa mimi, kwa hiyo nyeupe mpaka Desemba. Riboni za Neema ni za zambarau, zambarau na chungwa mnataka nichekwe na wakwe?

Doto: Bibi anasema nyeupe na yeye

Ba'mdogo Shija: Imeisha hiyo

Doto: Ila ile ya mistari ya brashi jamani? Kwenye picha za send-off?

Shangazi Minza: Ipigwe polishi

Ba'mdogo Shija: Kulwa Jumamosi nakuja na kipima kompresheni. Ikitoka vizuri Jumapili tunaivusha daraja la Kigongo-Busisi mpaka Sengerema, siku hizi hamna kusubiri kivuko. Bati la mzee liache hapohapo lilipo

Kulwa: Sawa Ba'mdogo. Yule fundi wa 1JZ kanipigia tena sasa hivi, nimwambieje?

Shangazi Minza: Muulize kama ana kalipa za Hilux