Miezi 18 mlimpima uzito tu, leo ana miaka 5 mnaniuliza nilikuwa wapi?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Juzi nimetoka hospitali na karatasi mkononi: mwanangu ana usonji (autism). Ana miaka 5 na miezi 2. Daktari (muungwana, sina ugomvi naye) akaniuliza, "Mama, mbona umechelewa kumleta?"

Nimechelewa mimi?!

Kadi yake ya kliniki ninayo. Miezi 18 nilikuwepo. Akachomwa surua-rubella ya pili, akatundikwa kwenye mzani, nesi akaweka nukta kwenye kijani: "Anaendelea vizuri, haya mwingine!" Nikamwambia, dada, huyu nikimwita jina hageuki, ila nikichana pakiti ya biskuti chumba cha pili anakuja mbio. Kiziwi siyo. Na hajawahi kuninyooshea kidole anionyeshe kitu, hata kuku. Akanijibu bila kuinua macho: "Wa kiume huchelewa."

Bibi yake akasema ana udata, ulimi umeshikwa chini, akatwe. Nikagoma. Majirani wakasema kachezewa. Akiwa na miaka 3 akapimwa masikio, mazima. Miaka 4 nikaandikiwa CT scan ya kichwa, nikauza mbuzi wawili, majibu safi. Yataacha kuwa safi vipi, wakati usonji hauonekani kwenye picha wala kwenye damu? Unatambuliwa na mtu aliyesomea kumtazama mtoto anavyocheza na kumsikiliza mzazi. Huyo mtu huku kwetu hayupo. Yuko mkoa mwingine, Jumatano tu, na Jumatano yangu ya kwanza alikuwa semina.

Sasa kinachonichoma ni hiki. Lipo dodoso linaitwa M-CHAT-R: maswali 20 ya ndiyo na hapana, kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, halilipiwi. Je, anageuka akiitwa? Ananyoosha kidole? Yaani yale yale niliyomwambia nesi! Halimpi mtoto jina la ugonjwa, linaonyesha tu nani asogezwe mbele. Miezi 18 mtoto yuko mikononi mwenu, mama yuko kwenye benchi tangu saa 1 asubuhi. Mnashindwa nini kumuuliza? Ila tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani, fulana za bluu hazikosekani.

(Na asije mtu hapa na hadithi ya chanjo kuleta usonji. Ile makala ya 1998 ya Uingereza iliyoieneza hadithi hiyo, jarida lenyewe lililoichapisha liliifuta 2010. Dalili huanza kuonekana umri ule ule wa sindano, basi.)

Mdogo wake anatimiza miezi 18 wiki ijayo, na nimeambiwa ndugu wa mtoto mwenye usonji aangaliwe kwa karibu zaidi. Maswali yote 20 nimeyaandika kwenye daftari. Nesi akiniambia "mwingine!" kabla hatujafika la 20, siku hiyo patachimbika.

Nyie wenzangu ambao wenu waligundulika mapema, mlianzia mlango gani?