Vijana walifuata sheria, wakashinda Mahakama ya Juu, kisha ushindi wao ukatupwa kapuni

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na sitajifanya sina. Sisi wazazi tunaoishi Nyuzilandi, na bila shaka wengi wenu mlioko kwingine, huwaambia watoto wetu maneno yale yale kila siku: usirushe mawe, usitukane wakubwa, ukiwa na dai fuata sheria, andika barua, nenda mahakamani, subiri. Wapo vijana wa nchi hii waliofanya hivyo hivyo, wakapanda ngazi ya mahakama moja baada ya nyingine mpaka ile ya juu kabisa, wakashinda, na leo ushindi wao umefungiwa kabatini na watu wazima ambao hawaoni hata haya.

Kwa asiyekijua kisa hiki, kikundi kinaitwa Make It 16. Kilianza mwaka 2019, kikiongozwa na vijana wa umri wa sekondari, na dai lao lilikuwa moja: umri wa kupiga kura ushushwe kutoka miaka 18 hadi 16. Hawakuishia kuandamana na mabango. Walisoma sheria za nchi yao wakakuta jambo ambalo wanasiasa walikuwa wamelikalia kwa miaka mingi, yaani kwamba Sheria ya Haki ya mwaka 1990 inakataza ubaguzi wa umri, na kwamba kwa mujibu wa Sheria ya Haki za Binadamu ya mwaka 1993 ulinzi huo unaanzia miaka 16. Maana yake ni kwamba serikali ikitaka kumnyima haki fulani mtu wa miaka 16 au 17, mzigo wa kueleza sababu ni wa serikali, wala si wa kijana kuthibitisha kwamba ana akili timamu.

Wakaenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwakatalia mwaka 2020. Mahakama ya Rufani, mwaka 2021, ilikubali kwamba ubaguzi huo haujatolewa sababu ya kuridhisha, lakini ikasita kutoa tamko rasmi kwa kuona kwamba suala lenyewe ni la kisiasa. Hawakukata tamaa. Tarehe 21 Novemba 2022 Mahakama ya Juu ikatamka wazi kwamba kuwazuia watu wa miaka 16 na 17 kupiga kura hakupatani na haki yao ya kutobaguliwa kwa sababu ya umri, na kwamba serikali haijatoa sababu inayokidhi.

Hapa sina budi kueleza jambo moja, maana nimeona watu wakilipotosha makusudi. Mahakama za Nyuzilandi hazina uwezo wa kufuta sheria iliyotungwa na Bunge. Hutoa tamko tu, na sheria hubaki kama ilivyo mpaka wabunge waibadilishe. Kwa hiyo wanaosema kwamba mahakama "ilijaribu kulipindua Bunge" wanasema wasilolijua. Majaji walifanya kazi yao, wakaurudisha mpira bungeni, na huko ndiko ulikofichwa.

Hebu fikirini pia muda uliopita. Kijana aliyekuwa na miaka 16 kikundi kilipoanza mwaka 2019 alikuwa na miaka 19 hukumu ya mwisho ilipotoka. Alikwisha kuipata kura yake kwa kukua tu, bila msaada wa jaji yeyote. Waliopigana vita hivi walikuwa wakiwapigania wadogo zao, na walijua hivyo tangu mwanzo, kwa sababu kesi haziendi mbio kama watoto wanavyokua. Nionyesheni chama cha watu wazima kinachopigania jambo kwa miaka yote hiyo huku wanachama wake wakijua kwamba hawatafaidika nalo.

Sasa niingie kwenye kinachoniuma zaidi, nacho ni uchaguzi wa halmashauri. Siku ile ile ya hukumu, Waziri Mkuu wa wakati huo, Jacinda Ardern, alitangaza kwamba muswada wa kushusha umri utapelekwa bungeni. Kwa uchaguzi mkuu kulikuwa na kikwazo cha kweli, kwa sababu kipengele cha umri katika Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1993 kimefungwa kwa kufuli: hakibadiliki mpaka robo tatu ya wabunge wakubali au wananchi wakiamue kwa kura ya maoni. Wingi huo haukuwapo. Lakini uchaguzi wa mameya na madiwani unaongozwa na sheria nyingine, ya mwaka 2001, na umri wake unaweza kubadilishwa kwa wingi wa kawaida tu. Chama cha Labour kilikuwa na wingi huo peke yake, bila kumwomba mtu. Kilikuwa kimeupata mwaka 2020, na kilikuwa nao siku ya hukumu.

Walifanya nini nao? Walikawia. Mwezi Machi 2023 Waziri Mkuu mpya, Chris Hipkins, aliuweka kando muswada wa uchaguzi mkuu akasema nguvu zitaelekezwa kwenye uchaguzi wa halmashauri. Sawa. Jopo lililochunguza mustakabali wa serikali za mitaa lilitoa ripoti yake ya mwisho Juni 2023 likipendekeza miaka 16. Muswada wenyewe ukafika bungeni Agosti 2023, Bunge likiwa linakaribia kuvunjwa kwa ajili ya uchaguzi wa Oktoba. Mtu mwenye nia hapeleki muswada wake wakati watu wanafunga mizigo. Nasema hivi nikijua kwamba wengi wetu huku tumezoea kuwalaumu wahafidhina kwa kila jambo, lakini mimi lawama yangu ya kwanza naipeleka kwa Labour, waliokuwa na ufunguo mkononi wakaacha mlango umefungwa huku wakipiga picha na vijana.

Labour walishindwa katika uchaguzi huo, na serikali ya muungano ya vyama vya National, ACT na NZ First ilipoingia haikuhitaji nguvu nyingi. Januari 2024 ilitangaza kwamba muswada unaondolewa, basi. Na angalieni jeuri yake: mwezi huo huo ilitoka hadharani ripoti ya mwisho ya jopo huru la kuchunguza sheria za uchaguzi, nayo ilipendekeza umri wa miaka 16. Mahakama ya Juu imesema, jopo la serikali za mitaa limesema, jopo la uchaguzi limesema, na jibu la wenye nchi ni kwamba hawataki.

Watetezi wa uamuzi huo hupenda kusema kwamba haifai kuwa na daftari mbili za wapigakura, moja ya halmashauri na nyingine ya Bunge, eti itavuruga mfumo. Hoja hii ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu, kwa sababu inasemwa na watu wanaojua fika kwamba daftari mbili ziko tayari. Katika nchi hii mtu anayeishi Auckland na mwenye nyumba ya mapumziko ufukweni katika wilaya nyingine anaweza kujiandikisha katika daftari la walipakodi za majengo la wilaya ile, akapiga kura ya halmashauri anapoishi na kura nyingine kule anakokwenda kuvua samaki wakati wa Krismasi. Hata kampuni yenye mali katika wilaya inaweza kumteua mtu wa kuipigia kura. Kwa hiyo jengo lisilolala mtu miezi kumi kwa mwaka lina msemaji kwenye sanduku la kura, na kijana wa miaka 17 anayelala nyumbani kwao pale kila usiku, anayepanda basi la pale na kuogelea katika bwawa la halmashauri ile ile, hana. Mfumo haukuvurugika kwa ajili ya mwenye nyumba mbili. Unavurugika kwa ajili ya mwanafunzi tu?

Mimi mwenyewe ni mfano wa jinsi nchi hii inavyoweza kuwa karimu ikitaka. Hapa huhitaji uraia ili kupiga kura. Ukiwa na kibali cha ukaazi na umeishi nchini mwaka mmoja mfululizo, unaandikishwa, na kura yako ni sawa na ya mtu ambaye babu wa babu yake alizaliwa hapa. Nilipiga kura yangu ya kwanza nikiwa bado nachanganya majina ya vyama. Hakuna aliyeniuliza kama nimekomaa kisiasa.

Oktoba 2025 tulikuwa na uchaguzi wa halmashauri. Huku karatasi za kura huja kwa posta, pamoja na kijitabu chenye picha na maelezo mafupi ya kila mgombea. Bahasha yangu ilikaa juu ya friji, chini ya bili ya umeme, mpaka binti yangu wa miaka 17 alipoishusha. Alikaa nayo mezani, akakisoma kijitabu ukurasa kwa ukurasa, akaniambia, "Baba, huyu anasema atapunguza kodi ya majengo lakini hasemi atakata huduma gani, na huyu alikuwa diwani muhula uliopita, kwa hiyo tuangalie alivyopiga kura kwenye suala la mabasi." Nilikuwa nimeshika kalamu nikingoja. Jina lililokuwa kwenye bahasha lilikuwa langu, kwa hiyo niliyeweka alama za vema ni mimi, na mwenye kujua kwa nini ninaziweka alikuwa yeye. Mtoto huyu hufanya kazi dukani baada ya shule na kodi hukatwa kwenye mshahara wake kama unavyokatwa wangu.

Na suala la mabasi si dogo kwa rika lake. Serikali iliyotangulia ilianzisha mwaka 2023 nusu nauli kwa walio chini ya miaka 25, na serikali hii ikaacha kuilipia kuanzia Mei 2024, miezi michache tu baada ya kuuondoa muswada. Mabasi yenyewe husimamiwa na halmashauri za mikoa. Wanaoyapanda kwa wingi asubuhi ni wanafunzi, na wanaoamua nauli na njia zake wanachaguliwa na watu ambao wengi wao wana magari mawili uani.

Mzee mmoja wa jumuiya yetu, mtu ninayemheshimu kwa mengine, aliniambia tukiwa kwenye futari kwamba watoto hawa wameharibiwa na nchi za watu, na kwamba mtoto akipewa kura leo kesho ataomba funguo za nyumba. Nilimjibu kwa adabu pale pale, lakini naomba niseme hapa bila kupunguza. Mzee wangu, katika nchi hii mtoto wa miaka 16 anaweza kuacha shule, kufanya kazi ya kutwa nzima, kukubali au kukataa matibabu yake mwenyewe, na kuomba leseni ya kumiliki bunduki. Bunduki anaaminiwa nayo. Kumchagua mtu wa kusimamia takataka, mabomba ya maji na maktaba, ndipo ghafla anakuwa mtoto mchanga?

Habari ya ukomavu sitaki kuirefusha, maana majaribio yamekwisha kufanywa na watu wengine. Austria ilishusha umri hadi miaka 16 mwaka 2007, kwa chaguzi zote. Uskoti iliwaruhusu vijana wa miaka 16 katika kura ya maoni ya uhuru mwaka 2014, na mwaka uliofuata ikawapa kura ya halmashauri na ya Bunge lake. Hakuna nchi kati ya hizo iliyoanguka. Na tusisahau kwamba Nyuzilandi yenyewe ilishusha umri kutoka 21 hadi 20 mwaka 1969, na kutoka 20 hadi 18 mwaka 1974. Kila mara walikuwapo waliosema vijana hawajaiva, na hao hao waliokuwa "hawajaiva" mwaka 1974 ndio wanaotuambia leo kwamba wajukuu wao hawajaiva.

Kuna kejeli nyingine hapa. Watu wazima wanaoilinda kura hii kwa wivu mkubwa hivyo hawaitumii. Katika uchaguzi wa halmashauri wa mwaka 2022, takriban watu wanne tu katika kila kumi walioandikishwa nchini kote walirudisha karatasi zao, na Auckland hali ilikuwa mbaya zaidi, karibu asilimia 35. Bahasha zinakaa juu ya friji, kama yangu ilivyokaa, halafu tunawatazama vijana walioomba mahakamani nafasi ya kuzijaza na kuwaambia kwamba hawaujui uzito wa kura.

Sasa naomba wenye hoja waje na hoja. Anayesema hukumu ile ilikosea aniambie ilikosea wapi, na asije na "watoto wa siku hizi". Anayesema muda haukutosha aniambie Labour walikuwa wanangoja nini kati ya Novemba 2022 na Agosti 2023. Na kwa ndugu zangu walioko Auckland, Wellington, Hamilton, Christchurch na kwingine, uchaguzi mkuu ni mwaka huu wa 2026 na wagombea watakuja kwenye mikutano yetu kula sambusa na kupiga picha kama kawaida yao. Waulizeni mbele za watu, kwa jina: je, utaurudisha muswada wa miaka 16 wa halmashauri, ndiyo au hapana, na ni lini? Uchaguzi ujao wa halmashauri ni Oktoba 2028, na mwanangu wa pili atakuwa ametimiza miaka 16 wakati huo. Jibu lolote mtakalopata kutoka kwa mgombea yeyote liwekeni hapa chini pamoja na jina la chama chake, nami nitaanza na la mbunge wa eneo langu, ambaye nimemwandikia na bado hajanijibu.