Bunga (unga) tunapewa, lakini pusupusu (mkokoteni) nani analipa? Komine ina pesa ya kazi hii?

mama_wa_daftari (Katuba)

Jambo yenu, bakubwa na badogo. Swali langu ni la pesa, lakini si pesa ya kula.

Mimi ndiye ninayeshika daftari la msaada wa chakula hapa kwetu Katuba, moja ya makomine (sehemu zenye ofisi yake) ya mji wa Lubumbashi, Kongo. Tulianza 2024, mwaka ule ukame uliipiga Zambia, mahindi ya kupitia mpaka wa Kasumbalesa yakapungua, na bei ya meka (kopo la kupimia) ya bunga ikapanda hadi nyumba nyingi zikawa zinasonga bukari (ugali) mara moja kwa siku. Parokia mbili, msikiti na wamama wa soko, kila kundi lilikuwa linagawa kivyake. Jumamosi moja mzee kipofu wa avenyu yetu alipata bunga mara tatu, na nyumba nne mbele mjane mwenye wajukuu watano hakupata hata kikombe. Yule mzee mwenyewe ndiye aliyenituma nimpelekee mama yule mfuko mmoja. Niliona haya. Tukakusanya majina yote katika daftari moja: nyumba 143.

Sasa bunga inakuja. Maharagwe yanakuja, mafuta pia si haba. Kisichokuja ni franka za kuvifikisha. Mwezi uliopita niliandika hivi: kodi ya depo (ghala) 90,000, pusupusu 64,000, unite za simu 15,000, fotokopi 8,000, dawa ya panya 6,000 (msicheke, bila hiyo tungekuwa tunalisha panya). Jumla 183,000. Nikimwomba mtoaji aongeze kidogo ya usafiri, ananijibu, "Mama, mimi nilitoa bunga, sikusema nitalipa makaratasi." Karibu nusu ya hizo pesa imetoka kwenye makala (mkaa) ninayouza mlangoni, na bwana wangu ameanza kuuliza.

Nilienda kwa shefu wa kartie (mtaa). Alinipa kiti, akanisikiliza vizuri, halafu akaniambia kartie haina sanduku. Ni kweli? Na komine je, ina kifungu cha pesa kwa kazi kama hii? Barua niandike nini?

kontabo_mstaafu

Mama, shefu hakukudanganya. Sheria ya 7 Oktoba 2008 inaipa bajeti miji, makomine, na kule vijijini sekta na masheferi. Kartie ni ofisi tu, haina mfuko wake. Barua yako ni ya burugumesta, mkuu wa komine.

Kisheria pesa ipo. Kifungu cha 175 cha Katiba kinaziachia majimbo 40% ya mapato ya taifa, na katika hizo jimbo linatakiwa kushusha 40% kwa miji na makomine yake. Piga hesabu: katika kila franka 100, 16 zingefika huku chini. Mimi nilikaa miaka kumi na moja kwenye hesabu za komine moja, sitaitaja, na zile 16 tulizingoja kama abiria wa treni ya Kindu. Tuliishi kwa ushuru wa soko.

Kwa hiyo usiandike kwamba unaomba "msaada wa chakula". Barua ya namna hiyo inatupwa kwenye kifungu cha misaada ya kijamii, na kwetu kifungu hicho kilikuwa kinakauka kabla ya Pasaka: majeneza, bili za hospitali, kupokea wageni. Wewe andika kodi ya depo na usafiri, kwa mwezi na kwa mwaka. 183,000 mara 12 ni 2,196,000. Namba kamili inamsumbua mtu, maneno ya huruma anayasoma na kuyafunika. Peleka wakati wanatayarisha bajeti ya mwaka ujao, Septemba hivi. Ukija Januari utakuta imekwisha kufungwa. Nakala moja mpe mshauri wa komine. Tangu uchaguzi wa Desemba 2023 washauri wapo, na bajeti inapita mbele yao.

kijana_ruashi

Dada, Papa kontabo amesema vizuri, ila mtu asikudanganye na pesa ya migodi. Kodi ya mgodi kwa sheria ya 2018 inagawanywa hivi: 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komine au sekta penye mgodi wenyewe, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ninyi Katuba hamna mgodi. Sisi wa komine ya Ruashi tunao, na bado nakuambia: pesa ile inapenda ukuta. Darasa, kisima, soko, kitu cha kukatia utepe. Daftari lako halikatiwi utepe.

Halafu jihadhari. Komine moja ya mji huu ilitoa gari la kubeba bunga, mara moja tu. Siku ya kugawa, orodha ilirudi na majina kama thelathini ambayo avenyu nzima haikuyajua, na bango lenye picha ya mkubwa kwenye kioo cha mbele. Waliokuwa wameandikwa tangu mwanzo walirudi na mifuko mitupu. Mamangu mdogo alikuwa mmoja wao.

tantine_wa_kenya

Mimi ningewaomba vitu, franka ningeziacha. Sisi hapa komine ya Kenya, humu humu Lubumbashi, tulipewa chumba kimoja nyuma ya ofisi, kilikuwa kimejaa viti vibovu. Tulivitoa wenyewe, tukapiga chokaa, kodi ikaisha. Kufuli ni letu na ufunguo tunashika watu wawili, mmoja wa parokia na mmoja wa soko. Mama, umesahau mzani kwenye hesabu yako. Au mnapima kwa macho?

mama_wa_daftari (Katuba)

Aksanti wote. Tantine, tunaazima mzani wa muuza samaki.

Papa, swali moja: kundi letu halina karatasi yoyote ya serikali. Watakubali kutupa pesa?

kontabo_mstaafu

Hawatakubali, na hata wakikubali, kataa. Bila hati ya shirika, pesa hiyo itaandikwa kwa jina lako wewe binafsi. Siku wakaguzi wakija utaulizwa wewe, siku majirani wakigombana utatajwa wewe. Omba komine imlipe mwenye depo moja kwa moja, risiti ibaki kwao. Ya pusupusu hivyo hivyo: wakupe gari lao Jumamosi mbili za mwezi pamoja na dereva wao. Barua isainiwe na parokia, maana yenyewe ina hati.

Na lile la kijana wa Ruashi lichukue kwa uzito. Andika ndani ya barua kwamba orodha inafungwa siku saba kabla ya kugawa na inabandikwa mlangoni pa kanisa na pa msikiti. Wakikataa sentensi hiyo, umeshajua walichokuwa wanataka.

mama_wa_daftari (Katuba)

Hapo kwa majirani umenigusa, Papa. Tayari kuna mmoja anasema hii nyama tunayokula Jumapili inatoka kwenye daftari.

Nitaomba chumba kwanza, gari la pili. Hiyo sentensi ya siku saba naiweka juu kabisa, kabla hata ya hesabu. Na Tantine, umenitia wasiwasi: jana niliweka mfuko wa kilo 25 uliofungwa bado kwenye mzani wa yule muuza samaki, ukasoma 23 na nusu. Kesho naupeleka kwa mwenye kinu tuupime tena, nijue mwongo ni mfuko au ni mzani.