Ahadi kwa kila kilomita au kiasi kamili?

Pedali12: Wakuu, tuko 12, tunaendesha baiskeli kilomita 100 kwa siku moja, miezi minne ijayo, kuchangia utafiti wa saratani. Wenzangu wengine wanataka mfadhili aahidi kwa kila kilomita, wengine kiasi kamili. Ipi inaleta fedha mkononi, si kwenye karatasi tu?

MwekaHazina: Kiasi kamili, na kilipwe kabla ya siku yenyewe. Ahadi ya kilomita inakulazimu kumfuata mtu mmoja mmoja shamrashamra zikishaisha, na hapo ndipo simu zinapoacha kupokelewa. Halafu kuna aliyeandika 50 akidhani ni kwa safari nzima. Atashtuka akidaiwa 5,000. Mkiing'ang'ania kilomita, wekeni ukomo kwenye fomu, na muandike mapema: mtu akiishia kilomita ya 60, analipiwa 60 au zote?

Fomu iwe na jina, simu, kiasi, aina ya ahadi, tarehe ya kulipa na namba ya risiti. Kabla ya kuichapa, pateni barua ya taasisi itakayopokea, ikitaja mfuko wa utafiti. Bila hiyo fedha zinaweza kuingia matumizi ya jumla. Akaunti ya mtu binafsi msiiguse kabisa.

GiaNdogo: Naongezea. Gari la msaada, maji na bima visikatwe kwenye michango. Kila mpandaji alipe kiingilio, au tafuteni mdhamini wa gharama peke yake. Na anzeni na mtoaji mkarimu, maana wanaofuata huchungulia aliyetangulia katoa ngapi.

Pedali12: Lakini kilomita si ndiyo inayotia hamasa?

MwekaHazina: Terry Fox, kijana Mkanada aliyekatwa mguu kwa saratani, alikimbia kuvuka Kanada mwaka 1980 kwa mguu mmoja wa bandia kuchangia utafiti wa saratani, akiomba dola moja kwa kila Mkanada, si kwa kila kilomita. Saratani ilipofika mapafuni alisimama, siku ya 143, baada ya kilomita 5,373, bila kumaliza. Michango iliendelea, na Februari 1981 ilikuwa imepita dola milioni 24.

GiaNdogo: Mazoezi nayo: ongezeni umbali kama asilimia 10 kwa wiki hadi kilomita 75 au 80, wiki mbili kabla ya safari, kisha punguzeni. Siku yenyewe kuleni kila nusu saa kuanzia mwanzo. Anayesubiri njaa huishiwa nguvu kwenye kilomita za mwisho, na chakula hakiwahi tena kumwokoa.