Nimeitwa kufundisha mpira Nampula, naomba ushauri

Wakuu, habari za jioni. Niko Masasi. Nilicheza beki wa kulia mpaka goti likagoma, sasa ni kocha mwenye leseni C ya CAF. Klabu moja ya Nampula, Msumbiji, inanitaka niwe kocha msaidizi.

Lugha hainitishi. Kimakua ninacho, Kireno nitajifunza hukohuko. Hans van der Pluijm, kipa wa zamani wa FC Den Bosch, alitoka Uholanzi akafundisha Ghana, akaja Yanga akatwaa ubingwa, na sijui kama aliwahi kuhitaji Kiswahili cha kutosha kununua hata korosho.

Kinachoninyima usingizi ni mkataba. Wanasema niende kwanza nianze mazoezi, tutasaini kibali cha kazi kikitoka. Ninavyozielewa kanuni za FIFA kuhusu makocha, zilizoanza 2021, mkataba lazima uwe wa maandishi, na uhalali wake hautakiwi kutegemea kibali. Nikiwaambia hivyo wataniona mkorofi kabla sijavuka Ruvuma?

Halafu njia. Nikipita Mtambaswala, Daraja la Umoja linaniingiza Cabo Delgado, na mama hataki kabisa kulisikia hilo jina tangu vita vya 2017. Ndege kupitia Dar ni salama, ila nauli wamenyamazia.

Aliyewahi kufundisha Msumbiji anisaidie: nidai nini kiandikwe, zaidi ya mshahara na nyumba? Na leseni yangu ya C watanikubalia kukaa benchi, au nitaishia kupanga koni?