Mwanafunzi anayefanya kazi za zamu hotelini: je, ajiunge na chama cha wafanyakazi?

Mwanafunzi wa Ng'ong'onha

Shikamooni wakubwa, na habari za kazi kwa wenzangu.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma, na kwa zaidi ya mwaka sasa ninahudumia wageni katika hoteli moja ya mjini: Jumamosi na Jumapili wakati wa masomo, na karibu kila siku wakati wa likizo. Bunge la Bajeti linapoanza mwezi Aprili vyumba hujaa na kumbi za mikutano hukodishwa mfululizo hadi mwisho wa Juni, na sisi tunaoitwa deiwaka, yaani vibarua wa kulipwa kwa siku, hufanya saa nyingi kuliko hata walioajiriwa kwa kudumu. Julai ikifika, wengi wetu hatuitwi tena. Sina mkataba wa maandishi. Malipo hutumwa kwa simu kila Jumatatu, na ratiba ya zamu huwekwa kwenye kundi letu la WhatsApp kila Alhamisi jioni.

Hivi karibuni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi alitugawia fomu za TUF 6, ambazo mtu hujaza kumruhusu mwajiri amkate ada ya chama, na kutueleza kwamba ada ni asilimia 2 ya malipo ya kila mmoja. Wenzangu wamegawanyika. Wapo wanaosema kwamba chama ni cha wenye ajira za kudumu, na kwamba mtu atakayehitimu na kurudi kwao Singida au Kondoa hana sababu ya kuchangia jambo ambalo hatalivuna. Wengine wanaogopa tu, na hofu yao naielewa, kwa sababu kwetu mtu hafukuzwi. Aliyelalamika huona kwamba jina lake halimo kwenye ratiba ya Alhamisi, wala kwenye ile inayofuata, hadi anapochoka kusubiri na kutafuta pengine.

Naomba kufahamishwa mambo mawili. Je, sheria inanihesabu mimi kuwa mfanyakazi, au ni kibarua asiye na haki ya chama? Na je, kuna manufaa gani ya kweli kwa kijana wa saa chache kama mimi?

Karani Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nimekuwa kiongozi wa tawi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na swali lako la kwanza ndilo ambalo vijana wengi hupotoshwa nalo, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 9, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama cha wafanyakazi, kujiunga nacho na kushiriki shughuli zake halali. Haisemi mfanyakazi wa kudumu, wala wa siku nzima. Linalobaki ni kujua kama wewe ni mfanyakazi, na hapo mwajiri wako hawezi kujificha nyuma ya neno deiwaka. Sheria ya Taasisi za Kazi, ambayo nayo ni ya mwaka 2004, inaorodhesha dalili ambazo hata moja ikiwepo mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Mojawapo ni kuwa umemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Ukifanya zamu mbili za saa 8 kila mwisho wa juma, umeshapita saa 60 kwa mwezi. Dalili nyingine ni kupangiwa saa na namna ya kufanya kazi, na kupewa vifaa vya kazi, na nina hakika hoteli yako inafanya yote mawili. Kukosa mkataba wa maandishi si kosa lako. Wajibu wa kukupa maelezo ya ajira kwa maandishi ni wa mwajiri.

Kuhusu hofu ya kuondolewa, nitakueleza bila kukupamba. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu mtu ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyohuyo, kwa hiyo wenzako walioingia juzi wako katika hali dhaifu kuliko wewe. Hata hivyo, katazo la kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya uanachama wake limo katika kifungu hichohicho cha 9, na wao pia linawalinda. Wewe uliyezidi mwaka mmoja una kinga zote mbili. Ukiachishwa, una siku 30 za kupeleka mgogoro wako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko kiongozi wa chama anaruhusiwa kisheria kusimama nawe na kukusemea. Nimeona vijana wengi wakifika pale peke yao mbele ya wakili wa mwajiri, bila hata karatasi moja mkononi, na wakakubali chochote walichopewa ili waondoke. Hilo linaniuma hadi leo.

Sasa manufaa. Chama hakipati nguvu ya kujadiliana na mwajiri kwa kuwepo tu. Ni lazima kiwe na wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa sehemu husika ndipo kitambuliwe kuwa msemaji pekee wao na kiweze kudai mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja kati ya chama na mwajiri kuhusu malipo na masharti ya kazi. Katika hoteli ambayo nusu ya wahudumu ni vijana wa zamu, vijana hao wakikaa pembeni wenye ajira za kudumu hawatafikisha idadi hiyo, na mkataba ukija kufungwa kwa bahati, utaandikwa na watu ambao Julai haiwahusu. Nyongeza ya mshahara ya mwaka, mkopo wa nyumba na kiinua mgongo vitakuwemo. Ratiba ya Alhamisi haitakuwemo, kwa sababu hakuna aliyekaa mezani akiwa ameumizwa nayo.

Tena angalia malipo yako. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa, na amri ya kima cha chini cha mshahara hutaja kiwango cha saa moja, si cha mwezi pekee. Je, umewahi kukokotoa?

Kijana wa Nkuhungu

Mzee wetu, shikamoo. Uliyoyasema ni ya kweli kwenye karatasi, na sina ubishi nayo, lakini ningependa dada huyu asikie na upande wa pili kabla hajaweka saini.

Nilipokuwa nikiuza dukani kwa saa za jioni nilijiunga na chama, ambacho sitakitaja. Ada ilikatwa kila mwezi bila kukosa. Mkutano wa tawi sikuwahi kuitwa, na tuliponyimwa malipo ya saa za ziada wakati wa sikukuu, viongozi walikuja, wakaingia ofisini kwa meneja, wakatoka na kutuambia tuwe na subira. Hatukulipwa. Kwa mtu anayepokea mshahara kamili asilimia 2 ni kitu kidogo, lakini kwa mwanafunzi anayelipa chumba, nauli ya daladala na chakula kutoka katika malipo ya mwisho wa juma, kila shilingi ina kazi yake, na anayeikata anapaswa kuonyesha ameifanyia nini.

Simkatazi. Ninamshauri amuulize katibu wa tawi, mbele ya wenzake, ni lini mkutano wa mwisho ulifanyika, nani alichaguliwa na nani, na kama tawi lina mwakilishi hata mmoja anayetoka miongoni mwa watu wa zamu. Majibu yakiwa ya kuzungukazunguka, aweke fomu mfukoni kwanza.

Karani Mstaafu

Marahaba kijana wangu. Maswali hayo ni mazuri na katibu yeyote mwenye haki atayajibu. Ninaongeza kwamba chama kinawajibika kukaguliwa hesabu zake kila mwaka na kuwasomea wanachama, kwa hiyo kuuliza fedha si utovu wa nidhamu. Lakini kiongozi mbovu huondolewa na wanachama kwa kura, na asiye mwanachama hana kura. Mlipoachwa na viongozi wale, wangapi kati yenu walikuwa wanachama? Kama mlikuwa wawili au watatu, meneja alijua hivyo kabla wageni wake hawajaketi.

Na kuhusu ada, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Chama kikishatambuliwa kuwa msemaji wa wafanyakazi, kinaweza kukubaliana na mwajiri kwamba wasio wanachama nao wakatwe ada ya uwakala, isiyozidi ile ya wanachama. Hapo asiyejiunga hulipa na bado hana sauti.

Msimamizi wa Zamu

Mimi ndiye ninayepanga ratiba katika nyumba ya wageni hapa mjini, kwa hiyo naomba niseme ninachokiona nikiwa upande ule ambao vijana wanauogopa.

Ni kweli kwamba msimamizi anaweza kuliacha jina la mtu bila kumpa sababu, na ni kweli kwamba wapo wanaolitumia hilo kama adhabu. Mamlaka ya namna hiyo hayafai hata kwetu sisi, kwa sababu kila wiki natuhumiwa kupendelea, wakati mwingine bila kosa, na sina kanuni yoyote ya kuonyesha kwamba nimetenda haki. Kwetu tulipopata mkataba wa hali bora, kipengele kilichonipa usingizi si cha mishahara. Ni kile kinachosema kwamba ratiba itoke siku saba kabla, kwamba zamu za watu wa saa chache zigawanywe kwa mzunguko, na kwamba msimu ukiisha wa kupunguzwa wa kwanza ni aliyeingia mwisho. Kipengele hicho hakikuletwa na mwajiri wala na wafanyakazi wa kudumu. Kililetwa na mpishi msaidizi, kijana wa chuo, aliyekuwa amechaguliwa kuwa mmoja wa wawakilishi wa tawi. Sheria inaruhusu wawakilishi watatu pale wanachama wanapokuwa kati ya 10 na 20, na kumi wanapofika 21 hadi 100, kwa hiyo nafasi za vijana zipo wakizitaka.

Ushauri wangu ni mmoja: asijiunge mtu peke yake.

Mwanafunzi wa Ng'ong'onha

Ninawashukuru wote kwa heshima kubwa. Nimekokotoa saa zangu za usiku kama Mzee alivyoniuliza, na nyongeza ile sijawahi kulipwa. Nimewasomea wenzangu majibu haya, na kijana wa Nkuhungu ajue kwamba maswali yake tumeyaandika na tutamuuliza katibu siku ya Jumapili baada ya zamu ya mchana. Wengi wamesema wako tayari ikiwa mmoja wetu atagombea uwakilishi.

Limebaki swali moja la wale wanaohitimu mwaka huu: wakishaondoka au wakibadili mawazo, wanatokaje?

Karani Mstaafu

Mwanachama huandika taarifa ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama ya kuondoa idhini ya makato, na mwezi huo ukiisha mwajiri hana ruhusa ya kuendelea kukata. Anayekwenda kufanya kazi ya aina nyingine ajue pia kwamba vyama vimegawanyika kwa sekta: hoteli na kazi za majumbani ziko chini ya CHODAWU, maduka na viwanda chini ya TUICO, mashamba chini ya TPAWU. Kwa hiyo anayetoka hotelini kwenda kwenye mashamba ya zabibu ya Hombolo itambidi ajaze fomu upya.

Mkiridhika na majibu ya katibu, jazeni fomu siku moja, nyote, na kila mmoja abaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa. Na kuanzia leo hifadhi picha ya kila ratiba ya Alhamisi na kila ujumbe wa malipo wa Jumatatu, kwa sababu asiye na mkataba wa maandishi huthibitisha saa zake kwa hizo.